Mbwa Aliyezimia kwa Kuniona

Wiki tatu zilizopita, katika kliniki ya wanyama ninakofanyia masomo yangu ya uzamili, mama mmoja kutoka Nkoroi alituletea mbwa mdogo mwenye pua bapa, akamwacha nasi kwa dakika chache ili aende kuegesha gari vizuri. Aliporudi na kutokea mlangoni, mbwa yule alilia kwa furaha, akazunguka mara mbili, miguu ya nyuma ikamlegea, akaanguka ubavu na kutulia tuli. Mhadhiri wangu hakushtuka. Aliniambia nisikilize moyo na kuhesabu mapigo. Niliweka kifaa kifuani, nikaanza kuhesabu, na nilipofika nne nikatambua kwamba nilichokuwa nikihesabu ni mtetemeko wa mkono wangu mwenyewe. Mbwa aliamka, akajikung'uta, akamwendea yule mama. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, na siku hiyo sikurudi ndani.

Wewe, rafiki yangu wa siku nyingi, umewahi kuniuliza kwa nini sifugi mbwa ilhali nimechagua kazi ya kuwatibu. Kila mara nilikujibu kwa mzaha. Jibu la kweli liko Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ua wa kaiyaba, mti wenye miiba mirefu, uliozunguka nyumba ya nyanya yangu.

Usiifikirie Kitengela unayoijua leo. Wakati huo, ukitoka langoni mwa nyanya ukaelekea kusini, ungeweza kutembea nusu ya asubuhi bila kukutana na ukuta. Punda milia walilisha pamoja na mbuzi wa majirani. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka mtu akawa mrefu kuliko alivyoumbwa, na upepo ulipiga mabati ya paa usiku na mchana kana kwamba ulikuwa unatudai jibu. Nyanya alichemsha githeri, mahindi na maharagwe, tangu alfajiri katika sufuria iliyosahau rangi yake, nasi watoto tulipeleka punda kuteka maji, mitungi minne kila safari.

Lakini ilikuwa pia nchi ya damu, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Kichinjio hakikuwa mbali. Upepo ukigeuka, harufu yake iliingia mpaka ndani ya uji. Tulitumwa huko kuchukua mifupa, tukapita kati ya korongo wenye vipara waliosimama kando ya matumbo kama wazee kwenye kikao, tukaona shoka likishuka, tukarudi nyumbani tukila mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, njiani bila kuhisi chochote. Shuleni tulipigwa kwa kipande cha mpira wa maji. Tulipigana wenyewe kwa mawe. Nadhani ulaini wa Soksi ulitushangaza kwa sababu hiyo hasa: haukufanana na kitu kingine chochote mahali pale.

Soksi aliletwa na baba mdogo, ndugu yake baba yangu, aliyefanya kazi katika shamba la maua kule Isinya na kuishi nasi kwa nyanya. Alimleta ndani ya katoni ya maua, bado ina majani. Mama yake alikuwa mbwa wa meneja, wa ile aina yenye pua fupi na kifua kipana. Baba yake hakuna aliyemjua. Alikuwa wa rangi ya kahawia, miguu yote minne myeupe, ndipo nikampa jina hilo. Baba mdogo aliniwekea mikononi akasema, "Shika, mami. Huyu ni wako. Akikuuma, ni wangu."

Hakuuma mtu. Alichofanya ni kuanguka. Kila nilipotoka shule, saa kumi, alinisikia kabla sijafika langoni. Alikuja mbio, mkia ukimzungusha mwili mzima, akilia sauti nyembamba kama ya mtoto, na pindi mikono yangu ilipomgusa, macho yake yalikwenda mbali, miguu ya nyuma ikamtoka, akalala ubavu akiwa amekakamaa, ulimi ukififia rangi. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi saba au nane. Kisha aliinuka, akanitazama kama anayeniuliza nimetoka wapi, akaendelea pale alipoachia. Mara ya kwanza nilipiga mayowe. Nyanya alikuja na kikombe cha maji, akamnyunyizia, akasema, "Ngoma ikilia sana hupasuka. Mwambie huyu apunguze kupenda." Baadaye hata yeye alizoea.

Leo ninajua maelezo yake. Ninajua kwamba kwa mbwa fulani msisimko mkubwa huuvuruga moyo, damu ikapungua kichwani, mnyama akazimia, naye akaamka akiwa na akili zake zote. Ninajua jinsi ya kutofautisha hali hiyo na kifafa, au na kichaa cha mbwa. Wakati ule nilijua jambo moja tu, nalo lilinitosha: kulikuwa na kiumbe aliyenifurahia kiasi cha kuanguka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujivunia jambo hilo. Nilianza kuwaleta wenzangu wa darasani. Waliketi juu ya mawe kando ya lango, mimi nikajificha nyuma ya tangi la maji, kisha nikachomoza ghafla na kuita. Soksi alianguka, nao wakapiga makofi. "Tena! Muangushe tena!" Nami nilimwangusha tena. Siku moja nilimwangusha mara tatu, na mara ya tatu aliinuka akiyumba. Niliona kwamba anayumba. Ninaliandika hili kwa sababu ninajizoeza kuandika nilichokiona, si ninachotamani kuwa nilikiona.

Kisha kichaa cha mbwa kikaingia. Mbwa asiye na mwenyewe alitokea upande wa kichinjio, akapita maboma mawili, akauma ndama wa jirani yetu, mzee wa Kimaasai ambaye kila aliponikuta njiani niliinamisha kichwa naye akaniwekea kiganja utosini. Baada ya majuma kadhaa ndama yule alianza kutoa povu na kunguruma kwa sauti isiyo ya ndama. Alianguka asubuhi, jioni akafa. Shuleni mwalimu wa sayansi alituandikia dalili ubaoni: kutoa mate, kubadilika tabia, kuyumba, kuanguka, kuogopa maji. Niliinakili orodha hiyo kwa mwandiko safi, nikaisoma kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, baba mdogo akisikiliza. Nilipofika kwenye "kuanguka" aliacha kutafuna. Mimi nilidhani anastaajabia usomaji wangu.

Wanaume walianza kuua mbwa. Hawakungoja mtu wa serikali. Walitembea kutoka lango hadi lango na rungu, na mizoga wakaitupa katika shimo la kuchimbia mawe. Tulipita hapo tukienda shule. Nilihesabu mbwa tisa, na wa mwisho alikuwa bado anapumua. Mmoja wa wenzangu waliokuwa wakipiga makofi langoni aliwaambia wazazi wake kwamba nyumbani kwetu yuko mbwa anayeyumba na kuanguka. Hakusema uongo. Alisema nilichomwonyesha.

Walikuja Jumamosi mchana. Nyanya alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Walikuwa wanaume sita, mzee yule akiwa na mkuki wake, na baba mdogo akiwa mmoja wao, rungu mkononi. Soksi alijua. Alijipenyeza ndani ya ua wa kaiyaba, chini kabisa, mahali ambapo miiba ina urefu wa kidole, akatulia.

"Ako hapo ndani," mmoja akasema. "Naona macho."

"Si umchome na mkuki?"

"Mkuki haifiki. Hii miba si mchezo."

"Basi tuwashe moto."

"Moto? Uchome boma ya mama ya watu?"

Baba mdogo alinigeukia. Uso wake ulikuwa na jasho, na sasa, nikiwa nimeupita umri aliokuwa nao siku ile, naona kilichokuwemo: alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa juu yangu, kwa sababu Soksi alinilamba kila siku.

"Wewe ndio anakuskianga. Muite."

"Mtamfanya nini?"

"Tunamuangalia tu, mami. Muite."

Mzee alisema kwa upole, "Ndama yangu ilianguka hivyo hivyo, mtoto wangu. Asubuhi ilianguka. Jioni hakuna."

Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Wakati mwingine hujiambia kwamba niliita kwa sababu nilidhani wakimwona vizuri watamwacha. Wakati mwingine husema kwamba mtoto wa Kitengela wa enzi ile hakuwa na mdomo wa kumkatalia mtu mzima. Zote mbili ni kweli, na zote mbili hazitoshi. Sentensi niliyopaswa kuisema ilikuwa fupi: anaanguka kwa furaha, na mimi ndiye ninayemwangusha. Ningeisema, wangejua kwamba nilikuwa nikimchezea kwa makofi ya wenzangu, na nyanya angejua. Niliona aibu. Kwa aibu hiyo nilifungua mdomo, nikaita jina lake.

Alitoka. Miiba ilimchana masikio, damu ikamtiririka, lakini mkia ulikuwa unamzungusha kama kila siku. Alinijia kwa kilio kile chembamba, akafika miguuni pangu, akaanguka.

"Mnaona! Mnaona!"

Baba mdogo alipiga. Pigo la kwanza lilimpata usoni, na nilisikia mfupa. Pigo la pili lilimpata nyongani. Soksi aliamka katikati ya pigo la tatu, naye aliamka kama alivyoamka siku zote, akinitazama mimi. Hakulia. Alitambaa kuelekea viatu vyangu akiacha alama nyeusi kwenye vumbi, na mzee akainua mkuki.

"Wacheni! Wallahi mnaua mbwa mzima!"

Aliyepaza sauti alikuwa jirani wa upande wa pili, mfanyabiashara wa mbuzi aliyehamia kwetu kutoka Kaskazini Mashariki. Alikuwa ameruka ukuta wa zizi lake, kofia imemtoka. Mtu huyu hakuwahi kumruhusu Soksi amsogelee. Alipomwona alishika pindo la nguo yake na kupita mbali, kwa sababu ya mate, ambayo dini yake huyahesabu najisi.

"Wewe Mwislamu umejua mbwa tangu lini?" mmoja akamkejeli.

"Sijui mbwa. Najua macho yangu! Huyu namuona kila siku saa kumi. Mtoto anatoka shule, mbwa anafurahi, anaanguka, anaamka. Kila siku! Wazimu gani hiyo inaangalia saa?"

Mzee alishusha mkuki, akanitazama.

"Ni kweli, mtoto?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Na ulinyamaza?"

Aliagiza maji, maana watu wote walijua kwamba mbwa mwenye kichaa huyaogopa. Karai likaletwa. Soksi aliinamisha mdomo uliovunjika, akanywa, na maji yakawa mekundu. "Anakunywa," mzee akasema. "Afungwe siku kumi. Asipokufa, mfungueni." Kama ningekuwa nilivyo leo, ningewaambia kwamba kipimo hicho hakithibitishi chochote, kwamba mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa maji. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa na elimu hiyo.

Wale wengine waliondoka. Yule mfanyabiashara alitandika gunia, akamwinua Soksi kwa mikono yake miwili, akamlaza kivulini. Kisha alikwenda kwenye tangi letu akanawa mara saba, mara moja akijisugua kwa udongo, akihesabu kwa lugha yake. Hakunitazama.

Nyanya aliporudi na kuambiwa, alimpiga baba mdogo, mtu mzima mwenye ndevu, kwa mwavuli wake wa kanisani mpaka ukavunjika. Baba mdogo alisimama tu, akapokea. "Nilidhani namuokoa mtoto," alisema, na machozi yakamtoka. Mimi nyanya hakunigusa. Nilimfuata jikoni, nikamwambia yote, juu ya makofi, juu ya tangi, nikangoja. Alikuwa akichochea moto. "Ungesema," alisema, akasukuma ukuni ndani zaidi.

Soksi alipoteza jicho la kushoto, na nyonga yake iliunga vibaya. Alifungwa mnyororo siku kumi, hakufa, hakutoa povu. Siku ya kumi na moja nyanya alimfungua asubuhi. Saa kumi nilifika langoni na begi langu, nikasimama. Alikuwa amelala mbele ya stoo. Aliinua kichwa, akanitambua, nina hakika alinitambua. Aliinuka taratibu, akajikung'uta, akazunguka nyuma ya stoo.

Aliishi miaka mingine mitano. Alikula vizuri. Alibweka wageni. Nikimgusa, alisimama tuli na kuvumilia, kama anavyovumilia mnyama anayekatwa kwato. Wageni walipomuuliza nyanya juu ya ugonjwa wake wa kuanguka, nyanya alijibu kwamba ulimwacha, nao walisema Mungu ni mwema.

Ua wa kaiyaba ulikatwa tulipouza sehemu ya shamba. Pana nyumba za kupanga sasa, na kuta za mawe mpaka kule punda milia walikolisha. Yule mfanyabiashara alihama, na sikuwahi kumshukuru. Baba mdogo na mimi tunasalimiana vizuri sikukuu zikifika, tunaulizana habari za kazi, na jina la mbwa yule halijawahi kutajwa kati yetu. Hayo yote ninaweza kuyaeleza: ardhi huuzwa, watu huhama, wanaume wenye hofu hupiga. Ninaloshindwa kulieleza ni dogo. Kwa miaka mitano nilikuja nyumbani kila siku saa kumi, nikapunguza mwendo nilipofika langoni, nikaita kwa sauti ileile. Soksi alikuwa mzima wa afya, na hakuanguka tena.