Fomu Iliyomkataa Doto

Wiki nzima Eufrasia alikuwa amevimba kama andazi. Miaka ishirini na miwili amekaa kwenye dirisha la kliniki ya watoto hapa Nkome akijaza fomu kwa mkono, leo kaletewa Disha, binti wa mwenye duka Shinyanga mjini, msomi wa kompyuta, azihamishie fomu zote kwenye tableti. Fomu zikianza kujijaza zenyewe, karani wa nini tena? Na bado miaka minne astaafu, jamani!

Disha alikuwa na adabu zake. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mama Limi." Naye Eufrasia hujibu "Marahaba" kwa ncha ya ulimi. Siku ya kwanza tu alipoonyeshwa fomu mpya, aliiona kasoro: kwa mama mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa, ilikubali mtoto mmoja tu. Kwenye karatasi, wakija mapacha, yeye hupiga mstari katikati ya kisanduku, Kulwa juu, Doto chini. Hakuna aliyemfundisha. Basi akanyamaza makusudi. Mwache ajikwae, akasema moyoni, watanikumbuka.

Alhamisi akaja Vumilia, mke wa mvuvi, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Kulwa akaandikishwa vizuri. Ilipofika zamu ya Doto, tableti ikagoma: mtoto huyu ameshaandikishwa. Disha akajaribu mara tatu, jasho likimtoka.

"Kwa hiyo Doto wangu hayupo?" Vumilia akauliza. "Hachanjwi?"

Eufrasia akaona aibu, aibu ya kweli. Kisasi alimwekea Disha, kumbe kimemwangukia mtoto.

"Sogea, mwanangu," akamwambia Disha. "Huku kwetu, kabla hujaandika jina, uliza wamezaliwa wangapi. Swali hilo liweke juu kabisa. Akisema wawili, fomu ifungue nafasi mbili."

Disha akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Alipoandika mbili, nafasi mbili zikafunguka, kila moja na chanjo zake. Doto akaandikishwa, akadungwa sindano, akalia kliniki nzima ikasikia. Vumilia akacheka, machozi yanamtoka.

"Mama Limi," Disha akasema, "zimebaki fomu kumi na moja. Tangu Jumatatu nilimwomba mganga mfawidhi, mkuu wetu hapa, unisaidie zote, na kazi ikiisha tableti ibaki mikononi mwako. Alikubali. Niliogopa kukuambia, ulivyonuna."

Tangu Jumatatu! Eufrasia akajifunika uso kwa khanga, akalia mbele ya foleni yote, furaha na soni pamoja. Kisha akapenga kamasi.

"Vuta kiti," akasema.