Hatua Mbili Nyuma

Kwa miaka kumi na saba Heidrun Zschoche alilinda ukumbi wa tisa katika jumba moja la sanaa mjini Dresden, na kwa miaka yote hiyo alitakiwa afunge mdomo. Mlinzi haelezi picha. Wapo waongozaji wa wageni, wenye shahada zao. Mlinzi huulizwa choo kiko wapi. Lakini ukishinda na picha moja kutwa, mwaka hadi mwaka, utaijua kuliko unavyomjua mumeo, na ile ya mama mpishi anayepara samaki Heidrun aliijua gamba kwa gamba.

Mwaka huu waongozaji walipopungua, alijitosa akaomba ajaribiwe kazi hiyo. Alikuwa na miaka sitini na moja. Nafasi nyingine asingeipata, na hii aliitaka mpaka usingizi ukamkimbia.

"Utawaambia nini sasa?" mumewe, Lothar, alimtania wakati wa kifungua kinywa. "Choo, kata kushoto?"

"Kula mkate wako, mzee."

Jumatatu, siku ambayo wageni hawaingii, Daktari Brinkmann, mkuu wa waongozaji, alikuja na wenzake wawili kumsikiliza. Heidrun alianza vizuri. Mara Daktari akainama, pua karibu igusane na picha, kidole juu.

"Wewe bwana! Hatua mbili nyuma!"

Heidrun amemkaripia mkubwa wake kama mtoto wa shule! Nimejimaliza mwenyewe, alijisemea.

Daktari alikuwa ameshatii, mikono mgongoni. Akabaki pale pale, amekodoa macho.

"Huyu mama... anacheka?"

"Anacheka, Daktari. Ukimsogelea huoni ila samaki. Kuna mtu mlangoni, kivuli chake kile sakafuni. Ndiye anayemchekesha."

"Na mimi nimeandika kitabu kizima juu ya samaki," alisema Daktari polepole. Mwenzake mmoja akajifanya anakohoa. "Jumamosi saa tano asubuhi, watu ishirini. Utaweza, Bi Zschoche?"

Furaha ilimjaa, lakini swali jingine lilitangulia.

"Na ukumbi wangu atalinda nani?"

"Tutatafuta mtu."

"Basi awe mkali," alisema Heidrun. "Umejionea mwenyewe watu walivyo."