Kikundi Chetu cha Wamama Bila Bwana

Mimi mudomo wangu hauna mulango, kila mutu anayeuza samaki hapa Nchelenge anajua hivyo. Basi nitasema vile ilivyokuwa.

Tulivuka ziwa toka Kongo juu ya vita, na kule kambini Kenani siye wamama tuliofika bila bwana tulilazwa upande mumoja wa hema. Hakuna aliyejua bwana yake kama iko muzima ao amekufa. Humo ndimo tulianza kusaidiana, huyu anabeba mutoto wa yule, yule anachotea huyu mayi. Kisha tulihamia hapa pembeni ya ziwa tukaanza kukausha chisense, wale samaki wadogo sawa kucha. Kila Ijumaa, kabla ya kusema habari ya kazi, kila mutu alisema kitu kimoja cha bwana yake. Wa huyu alikuwa anaogopa kuku. Wangu alikoroma mupaka majirani wanagonga ukuta. Tulicheka sana, tuliwatukana wanaume wetu kama vile wako ndani ya nyumba wanasikia.

Shirika lilitukuta hivyo. Ni shirika dogo la watu wa hapa hapa, biro yao ya kazi iko nyuma ya soko. Hawagawi unga wala nguo. Wanatafuta watu ambao wameshaanza kusaidiana wenyewe, ndio wanawashika mukono. Walitupatia waya za vichanja na chumvi, walitufundisha kuongoza mukutano bila kupigana, na mama mukubwa wao alienda mwenyewe kutuombea nafasi sokoni, juu Kibemba chetu kilikuwa cha kununua nyanya tu. Alipotuuliza siye ni nani, prezida wetu alijibu kwamba siye ni wamama bila bwana. Ndivyo walivyoandika kwenye kibao cha kikundi chetu.

Basi siku moja, jua kali, mutumbwi wa wachuuzi wa Kongo ulishusha mutu mwembamba aliyekuwa anaulizia jina langu. Nilimutambua kwa mwendo. Nilimwaga kitunga kizima cha samaki muchangani nikakimbia, nikamukamata bwana yangu kama mwizi. Wamama walipiga vigelegele. Kisha vilikatika, na mimi sikugeuka kuangalia kwa nini.

Kesho yake prezida alikuja kwangu, akakataa kiti. Alisema wageni wa shirika wanakuja toka Mansa kuona kazi yetu, proje wanavyoiita, na wakikuta mwanaume kwangu watasema tuliwadanganya, watachukua waya zao. Aliomba bwana yangu aende kwanza Mwansabombwe, alime mashamba ya watu mupaka wageni warudi. Niliwaka. Nilimuuliza kama yeye, bwana yake angerudi, angemuficha chini ya kitanda.

Bwana yangu alicheka. «Nimejificha vita,» alisema, «nitashindwa kujificha proje?»

Alicheka peke yake, akaanza kutafuta viatu vyake. Mimi nilivichukua nikavikalia.

Siku ya wageni nilimushika mukono mbele ya watu wote, nikamupeleka mupaka kwa mama wa shirika. Niliona tayari waya zinafunguliwa na wenzangu wanarudia kuanika samaki kwenye muchanga kwa sababu yangu. Lakini mama yule alipiga magoti kumusalimia, na machozi yalimutoka. Alisema wao wanasaidia watu wanaofanya kazi pamoja, hawahesabu mabwana. Hakuna waya itakayofunguliwa, hakuna mutu atakayetolewa, na kibao watakipaka rangi waandike tena. Weee, nilicheza pale pale, kiuno chote. Kumbe nilikuwa nacheza peke yangu.

Ijumaa tulikaa. Nilingoja mutu aanze kumutukana bwana yake, hakuna aliyeanza. Prezida aliingia moja kwa moja kwenye habari ya chumvi. Ijumaa ingine nilifika nikakuta wameshamaliza, wamebadilisha saa bila kuniambia. Roho iliniuma sana, maana wale wamama ndio walionibeba wakati sikuwa na mutu.

Nilimufuata prezida kwenye vichanja na hasira yangu yote. Nilimuuliza kosa langu ni nini, na waya ziko, chumvi iko, wageni walienda wakifurahi. Aliendelea kugeuza samaki.

«Proje haina neno,» alisema. «Ile siku nilisingizia wageni, juu niliona haya kusema ni siye wenye neno. Hauna kosa, mama. Lakini ukikuya hapa kwetu, siye wote tunaangalia kule kwenye mayi, kama kuna mutumbwi mwingine. Samaki inaoza, tunaangalia tu. Bakia kwanza nyumbani.»

Mudomo wangu ulikauka. Nilirudi nyumbani, nikakuta bwana yangu amenipikia bukari, ule ugali wa kwetu, ingali moto, na ananichekea. Nilimuchukia mupaka jioni.