Chambo cha Baba

Nilipohamishiwa shule ya msingi huku chini Mbeere, karibu na bwawa, nilikuwa sijawahi kuonja samaki. Kwetu Kibugu tulilima majani chai, na baba hakuwahesabu samaki kuwa chakula. Aliyenifundisha kuvua ni mwalimu mwenzangu, mama wa huko huko Mbeere aliyenipokea kama mdogo wake. Kila Jumamosi tulienda kumtafuta kapi, samaki mnono wa magamba makubwa, mwenye visharubu mdomoni.

Chambo chetu kilikuwa ugali mgumu uliokandwa na ndizi mbivu. Mwenzangu aliuviringa vidonge vidogo kama punje za mahindi.

"Kapi hatafuni, mwalimu, ananyonya," alinieleza. "Ukimpa kikubwa anakitema."

Nilimwamini, ingawa kwa miezi miwili tulipata tilapia wadogo tu, wale wa kudonoa ndoano mpaka ibaki uchi.

Likizo ya Aprili baba alikuja kuona kama ninakula vizuri. Tukaenda naye bwawani. Alikaa juu ya jiwe na koti lake la baridi ya mlimani, jasho likimtiririka, akatutazama saa nzima.

"Mnalisha vifaranga," akasema mwishowe. Akachukua ugali, akaviringa donge kubwa kama kokwa ya makadamia yenye ganda lake.

Mwenzangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, hicho ni chakula cha jioni!"

"Ndiyo. Wadogo wale, washibe, waondoke. Mkubwa atakuta kilichobaki."

Kipande cha bua tulichotumia kama boya kilianza kucheza. Nilitaka kuvuta, baba akanishika mkono. Kilicheza, kikatulia, kikacheza tena. Halafu kikazama chote.

Baba hakujua kuvuta taratibu. Alikamata ufito wa ndoano kwa mikono miwili, akageuka, akapanda mteremko mbio kama anayeburuta mbuzi mkaidi. Kapi alitoka majini akirukaruka, mrefu kuliko mkono wangu. Mwenzangu alimwangukia kwa leso aliyojifunga kiunoni, wote wawili wakagaagaa matopeni. Sikuweza kusaidia kwa kicheko.

"Sasa nani mwalimu?" baba aliuliza akihema.

Jumamosi iliyofuata tuliviringa madonge makubwa, mimi na mwenzangu, tukarudi mikono mitupu. Mengi yalichomoka kwenye ndoano tulipoyarusha. Tangu hapo tulibeba ya ukubwa wote. Wadogo wakizidi, tunaweka kubwa. Maji yakitulia, tunarudia punje.

Yule kapi tulimkausha kwa moshi, na baba akambeba hadi Kibugu akiwa amemfunga kwa majani ya mgomba. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba hakumruhusu baba kumwingiza samaki huyo jikoni. Baba alipika mwenyewe nje, kwenye mawe matatu, akala peke yake huku majirani wakichungulia uani, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kinanukia nini.