Nyirasafari na Mwizi wa Udongo

Nyirasafari, mama yake Iribagiza, wa mtaa wa Mbugangari karibu na ziwa, hamwamini mtu. Akinunua mayai, huyatikisa moja moja. Ukimuuliza habari zake, atakujibu, "Kwa nini unataka kujua?"

Anachokipenda ni usafi. Mwezi wa sita, alipomaliza kuvuna maharage, aling'oa kila jani shambani, kisha akalifagia shamba lote kama sebule. Ndiyo, kwa ufagio!

Mvua ilikuwa imekwisha. Jua likaikausha ardhi. Udongo mweusi, uliokuwa umeshikana kama ugali, ukawa mwepesi kama unga. Maji ndiyo huzigandisha chembe za udongo, na mizizi ya majani huzikamata zisiende kutembea. Shamba la Nyirasafari halikuwa na maji wala mizizi. Lilikuwa safi tu.

Mwezi wa saba, akaona mawe yamechomoza shambani kama meno. Udongo umepungua! Na kwa jirani yake Habiyaremye, mvivu asiyefyeka hata siku moja, udongo mweusi umerundikana kwenye majani makavu ya mpakani.

"Yewe! Habiyaremye, unaiba udongo yangu! Mwezi wa tisa nitapanda maharage wapi, kwenye mawe?"

"Mama Iribagiza, shamba yangu yenyewe inanishinda kulima. Ya mutu nitaibeba na nguvu gani?"

Jibu lilikuwa zuri mno, kwa hiyo Nyirasafari akazidi kumshuku. Kesho yake alimwaga majivu mpakani ili nyayo za mwizi zionekane, akaketi juu ya ndoo kulinda.

Saa sita mchana upepo ukaja kutoka ziwani. Majivu yakaruka. Vumbi likafuata. Vyote vikaenda kutua kwenye majani ya yule mvivu, na hakuna mguu uliopita.

"Bon," Habiyaremye akasema akiwa upande wake, "mwizi si umemuona? Shamba yako iko uchi, mama. Ifunike!"

Nyirasafari akaenda kuleta mabeseni mawili.

Wakarudisha udongo pamoja siku nzima, wakautandikia maganda ya maharage na majani makavu, upepo ukose pa kushika. Sasa mbegu za mwezi wa tisa zina kitanda.

Jioni Habiyaremye akaaga. Nyirasafari akamzibia njia.

"Ngoja kwanza. Vua viatu, uvikung'ute hapa."