Mkono Wangu Ulibaki Chini

Leo nimekataa timu yetu imsajili baba yangu. Na yeye alikuwa hapo hapo!

Kipa wetu ameumia, na Jumapili tunacheza Kanduyi. Vijana wakamwita mzee wangu kwa mkutano. "Si adake yeye? Huyu alikuwa kipa, bana!"

Mikono yote ikaenda juu. Wangu tu ndio ulibaki chini.

Nikasema magoti yake yamechoka. Jameni, hata kufunga kamba za viatu ni kazi!

Baba akacheka, akanishika bega. "Asante, mwanangu. Mimi niliogopa kuwakatalia."

Nikapumua.

Sasa nimefika nyumbani Kiminini. Kwa kamba ya nguo kuna glavu zake za zamani. Zimeoshwa leo, hata hazijakauka.

Naingia ndani nikisema nini?