Nyumba ya Baba na Nguzo za Guam

Ule mwaka umeme ulipokatika mji mzima, sisi wa mtaa wa Weston, huku ughaibuni, tulikula nyama mpaka meno yakauma. Friza zilikuwa zinayeyuka, kila mtu akashuka na jiko lake la mkaa uani. Mimi nilishuka na nyama ya mbuzi na kero yangu. Mwanangu alitaka kuivunja nyumba ya mawe ya baba yangu kwetu Pemba, ajenge ya matofali ya saruji. Nyumba ni yangu, fundi alikuwa anangoja neno langu tu, na mimi nilishaanza kulegea.

Jirani yangu, bibi mwenzangu, Mchamoro wa kisiwa cha Guam, alikuwa anapika wali mwekundu. Nikamweleza kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Akaniambia wazee wao wa zamani walichimba mtaro kuzunguka mwamba, wakawasha moto humo mpaka mwamba ukapasuka, wakatoa nguzo. Juu ya nguzo waliweka tumbawe kama bakuli, tumbo chini, halafu nyumba ya mbao na makuti. Wafu wao waliwazika hapo hapo. Nyumba zimeoza zamani, nguzo zipo.

"Ukipita hapo unawaomba ruhusa mababu," akasema.

"Sisi tunapiga hodi. Na nguzo ikianguka?"

"Inalala ilipoangukia. Nani ataitoa?"

Nikamkumbuka baba na mtaimbo wake, anang'oa mawe, mgongo mweupe kwa chokaa. Kaburi lake liko ubavuni mwa nyumba ile.

Mwanangu akafika anahema, katembea kutoka kazini. "Mama, fundi nimwambieje?"

"Nyumba ya baba yangu haivunjwi."

"Mawe yale yamezeeka, mama."

"Na mimi nimezeeka. Utanivunja?"

Jirani hakuelewa neno, akacheka hivyo hivyo. Mwanangu akakaa, akatafuna mbavu, mwisho akasema, "Basi. Nitamwambia apake chokaa tu." Nikapakua sahani ya pili.

Siku hizi binti wa mwanangu anasomea kuchora majumba, na msikitini hakuna asiyejua, nimehakikisha. Majuzi kaja na ramani ya nyumba ile ile, na Kiingereza chake: tukibomoa ukuta wa jikoni, bibi, mmoja tu?

Nikamwambia, "Nyumba ya baba yangu haivunjwi."